Kufundisha Kilimo cha Bustani kwa Simu na Intaneti: Mwongozo wa Mwalimu Anayeanza

Maafisa ugani, walimu wa kilimo na wakulima wazoefu wanaotaka kufundisha bustani kwa masafa huuliza maswali yale yale: nianze na zao gani, nitumie programu gani, nitajuaje kwamba mwanafunzi aliyeko Njombe amepanda kweli na hakuokota picha mtandaoni, na nitautambuaje ugonjwa wa mmea ambao siwezi kuugusa. Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu siku unapofikiria kozi hadi siku mwanafunzi anapovuna. Mifano yote ni ya mchicha na nyanya katika mazingira ya Tanzania, na mwalimu wa kitunguu, karoti au pilipili hoho ataweza kubadilisha tarehe na vipimo bila kuvuruga utaratibu.

Jambo moja lazima lieleweke kabla ya mengine yote. Ratiba ya kozi ya bustani kwa masafa inapaswa kuongozwa na umri wa mmea wa mwanafunzi. Somo la kupandikiza likimfikia mtu ambaye hajasia hata mbegu moja, atalisikiliza na kulisahau. Na likimfikia wiki moja baada ya kupandikiza, litamkuta ameshang'oa miche kwenye udongo mkavu saa sita mchana. Kozi nyingi za bustani mtandaoni hufa kwa sababu hiyo, huku mwalimu akiendelea kulaumu mtandao au uvivu wa washiriki.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Bustani yako mwenyewe, hata kama ni tuta moja nyuma ya nyumba. Utapanda zao lile lile unalofundisha, ukiwatangulia washiriki kwa siku 7 hadi 10, ili picha na sauti zako zitoke kwenye mmea ulio hai.
- Simu janja yenye kamera inayofanya kazi vizuri, na nafasi ya kutosha ya kuhifadhi picha za washiriki wote.
- Kundi la WhatsApp, kwa kuwa ndiyo programu ambayo washiriki wengi tayari wanayo na wanaijua. Mifumo ya masomo kama Moodle inafaa chuo chenye mafundi wa kuihudumia. Mwalimu mmoja mwenye washiriki 30 haihitaji.
- Daftari au jedwali lenye ukurasa mmoja kwa kila mshiriki: jina, wilaya, chanzo cha maji, tarehe ya kusia, tarehe ya kupandikiza, matatizo yaliyojitokeza.
- Muda wa saa moja kila siku, kwa saa zinazojulikana, wa kusoma picha na kujibu. Ukishindwa kuutenga, ahirisha kozi.

Mshiriki naye anahitaji eneo la mita 1 kwa mita 5, maji ya uhakika, jembe, debe au ndoo, mbegu iliyofungwa kwenye pakiti yenye lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu), samadi iliyooza, chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, na simu yenye kamera, iwe yake au ya mtu wa karibu. Mtumie orodha hii wiki mbili kabla, na usimwandikishe hadi atume picha ya eneo lake. Picha hiyo moja itakuonyesha mwembe unaotia kivuli, mteremko usio na kinga, au kuku wa jirani wanaopita bila kizuizi.

Hatua ya 1: Chagua zao la kwanza linalojibu haraka

Anza na mchicha kabla ya nyanya, hata kama washiriki wote wamekuja kwa ajili ya nyanya. Mchicha huota ndani ya siku 3 hadi 5 na unaweza kung'olewa kwa ajili ya chakula katika wiki ya tatu au ya nne. Ndani ya mwezi mmoja mshiriki atakuwa ameandaa tuta, amesia, amepunguza miche, amemwagilia na kuvuna, nawe utakuwa umeshajua nani anatuma picha kwa wakati, nani ana tatizo la maji, na nani anahitaji kupigiwa simu. Makosa yanayofanyika kwenye mchicha ni ya bei rahisi. Makosa hayo hayo kwenye nyanya hugharimu miezi minne.

Baada ya hapo ingia kwenye nyanya kwa kiwango kidogo. Tuta la mita 1 kwa mita 5 lenye mistari 2 iliyoachana sentimita 60, mche na mche ukiachana sentimita 50, linachukua miche 20. Idadi hiyo inatosha kwa mshiriki kuona tofauti ya mche na mche, na inakutosha wewe kuikagua yote katika picha moja. Kwa mbegu, aina zisizo chotara kama Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa nchini mwaka 1997, zinafaa kujifunzia kwa sababu pakiti yake haimtishi mtu kwa bei. Chotara zije msimu wa pili.

Mtu asiye na kipimo cha mita apime kwa karatasi ya A4, ambayo urefu wake unakaribia sentimita 30: karatasi mbili zikifuatana kwa urefu ni nafasi ya mstari na mstari.

Hatua ya 2: Wapange washiriki kwa hali ya hewa na maji

Mshiriki wa Lushoto, wa Kilolo na wa Mtwara hawawezi kupewa tarehe moja. Maeneo ya kaskazini na pwani ya kaskazini yana vuli na masika; nyanda za juu kusini na kanda ya kati zina msimu mmoja mrefu unaoanza karibu na Novemba na kuishia Aprili au Mei. Katika maeneo ya juu ya Njombe na Makete kuna hatari ya jalidi mwezi Juni na Julai, ilhali pwani nyanya hudondosha maua pale joto la usiku linapokuwa kubwa, hivyo mtu wa Dar es Salaam au Tanga mjini ni bora asie Aprili au Mei ili maua yake yaangukie kipupwe.

Waulize maswali machache kwa maandishi: uko wilaya gani, mvua kubwa huanza mwezi gani, maji unayatoa wapi na hukauka lini, eneo hilo lilipandwa nini msimu uliopita. Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mahali palipokuwa na nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu au viazi mviringo panaweza kuwa na vimelea vya mnyauko kwenye udongo, na mshiriki huyo atahitaji sehemu nyingine kabla hujamfundisha lolote.

Kisha wagawe katika vikundi vya watu 8 hadi 12 wanaosia wiki moja. Kila kikundi kiwe na kalenda yake, hata kama mwalimu ni mmoja.

Hatua ya 3: Andika kalenda kwa siku za mmea

Usiandike "Jumatatu ya tarehe fulani". Andika "siku ya 1", "siku ya 8", "siku ya 25", ukihesabu tangu siku ya kusia. Kwa nyanya, kalenda inaweza kwenda hivi:

1. Siku 14 kabla ya kusia: kipimo cha udongo, ukaguzi wa samadi, na jaribio la uotaji wa mbegu.
2. Siku ya 1: kusia kitaluni, mistari ikiachana sentimita 10 hadi 15, mbegu zikiwa kwenye kina kisichozidi sentimita 1, na matandazo mepesi ya nyasi juu yake.
3. Siku ya 5 hadi 10: uotaji. Mshiriki anaondoa matandazo mara anapoona miche ya kwanza, na anajenga kichanja cha kivuli.
4. Siku ya 12 hadi 15: kupunguza miche iliyosongamana na kuangalia kinyausi (ugonjwa unaoangusha miche kitaluni).
5. Siku ya 18 hadi 24: kuikomaza miche kwa kupunguza maji na kuondoa kivuli kidogo kidogo, takribani wiki moja kabla ya kuihamisha.
6. Siku ya 25 hadi 30: kupandikiza, miche ikiwa na majani halisi 4 hadi 6.
7. Wiki 2 hadi 3 baada ya kupandikiza: kusimika mambo (vijiti vya kuegemeza mmea), kufunga, kuondoa vichipukizi, mbolea ya kukuzia.
8. Kuanzia maua: umwagiliaji usiokatika, ukaguzi wa wadudu mara mbili kwa wiki.
9. Siku 75 hadi 90 baada ya kupandikiza: kuvuna, kuchambua, kuhesabu gharama.

Hizo siku ni mwongozo. Kwenye baridi ya Njombe miche itachelewa, na hapo ndipo kanuni inapofanya kazi: somo la kupandikiza unalituma pale picha ya mshiriki inapoonyesha majani halisi manne, hata kama kalenda inasema siku ya 25 imepita.

Jaribio la uotaji lifanywe na kila mtu, kwa sababu mwalimu wa masafa hawezi kujua pakiti ilikaa wapi kabla ya kununuliwa. Mshiriki anazungushia mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu, anazihifadhi mahali penye joto la kawaida, anahesabu zilizoota siku ya 8. Zikiota chini ya 14, abadilishe pakiti kabla hajapoteza mwezi.

Kwa udongo, tumia ile chupa: theluthi moja ajaze udongo, aongeze maji na sabuni ya unga kidogo, atikise kwa nguvu, aiache imetulia. Mchanga hukaa chini ndani ya dakika moja au mbili, tope laini hufuata ndani ya saa kadhaa, na mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Picha ya chupa hiyo, ikipigwa kesho yake, inakuambia mengi kuliko maneno "udongo wangu ni mzuri" ambayo kila mshiriki huandika.

Hatua ya 4: Fundisha kupiga picha kabla ya kufundisha kupanda

Katika masafa, kamera ya mshiriki ndiyo macho yako, na mtu hazaliwi akijua kuipigia picha jani. Wiki ya kwanza isiwe na somo lolote la kilimo. Iwe ya mazoezi ya picha tu. Mwache kila mmoja achague mmea wowote, hata mpapai wa jirani, atume picha nne:

1. Mmea mzima pamoja na mimea inayouzunguka.
2. Sehemu yenye tatizo kwa karibu, kukiwa na kitu cha kulinganishia ukubwa kama sarafu au kiberiti.
3. Upande wa juu wa jani.
4. Upande wa chini wa jani hilo hilo.

Picha ya nne ndiyo wanayoisahau, na ndiyo yenye habari. Utitiri mwekundu, inzi weupe na vidukari hukaa chini ya jani. Sisitiza pia kwamba lenzi ifutwe kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa simu inayotoka mfukoni mwa mtu anayelima huwa na jasho na vumbi. Kwamba jani lishikwe kivulini huku mwanga ukitokea nyuma ya mpigaji. Na kwamba picha ya ugonjwa itumwe kama faili, kwa sababu WhatsApp hupunguza ubora wa picha za kawaida na madoa madogo hupotea.

Angalizo: usikubali picha ya "bustani yote iko vizuri" kama jibu la swali lolote. Irudishe kwa upole na utaje picha unayoihitaji.

Hatua ya 5: Andaa somo lenye sauti, picha na video moja fupi

Ujumbe wa sauti wa dakika 2 haufiki megabaiti 1, ilhali video ya muda huo huo inaweza kupita megabaiti 10 kwa urahisi. Kwa mtu anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ataendelea na kozi. Kwa hiyo maelezo yatolewe kwa sauti, umbo na rangi kwa picha, na video ibaki kwa kitendo ambacho mkono lazima uonekane: kung'oa mche bila kukata mizizi, kufunga nyanya kwenye mambo, kuondoa kichipukizi.

Zungumza kwa utaratibu wa kazi, sentensi moja kwa kitendo kimoja, na utoe sababu pale tu inapomzuia mtu asikosee. Hivi ndivyo somo la kupandikiza linavyoweza kusikika:

"Habari za leo. Leo tunahamisha miche ya nyanya. Usianze kabla ya saa kumi jioni, labda kama kuna mawingu mazito. Kwanza mwagilia kitalu mpaka udongo ulowe vizuri, usubiri kidogo maji yazame. Ingiza kijiti chini ya mizizi, unyanyue mche pamoja na udongo wake. Ushike kwa jani, usiushike kwa shina. Jani likiumia litaota jingine, shina likiumia mche umekufa. Kwenye tuta chimba shimo linalozidi kidogo urefu wa mizizi. Uweke mche, ufukie mpaka karibu na majani ya chini, kwa kuwa shina la nyanya likifukiwa hutoa mizizi. Bonyeza udongo taratibu kwa vidole, mwagilia pale pale. Ukimaliza miche yote, simama kwenye mwisho wa tuta, piga picha moja inayoonyesha mistari yote miwili, unitumie kabla hujalala."

Ujumbe huo una agizo la picha mwishoni, na kila somo liishie hivyo. Usiweke masomo mawili kwenye ujumbe mmoja, na usitume somo jipya kabla robo tatu ya kikundi haijatuma picha ya somo lililotangulia.

Unapotumia vitabu au vijitabu vya ugani vya zamani, angalia mwaka wake. Kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya na ambaye asili yake ni Amerika Kusini, aliingia Hispania mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2014. Kijitabu cha nyanya kilichoandikwa kabla ya hapo hakimtaji kabisa, na leo ndiye mdudu anayewatoa wakulima wengi kwenye zao hilo.

Hatua ya 6: Weka utaratibu wa kundi

Kundi la masomo lifungwe ili mwalimu peke yake atume. Maswali na picha za washiriki ziende kwenye kundi dogo la kikundi husika. Ukiyachanganya, ujumbe wa kupandikiza utazikwa chini ya salamu za asubuhi na matangazo ya mauzo. Kila Jumapili jioni tuma muhtasari wa mistari michache unaosema kila kikundi kiko siku ya ngapi.

Kikao cha mubashara kimoja kwa mwezi kinatosha. Kitumie kujibu maswali ya picha zilizotumwa mapema, kisha uweke sauti yake kundini kwa wasiofika.

Wapo watakaokuja na kitochi. Usiwaache nje. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wa vijijini katika vikundi vya kusikiliza redio pamoja, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyesimamia mjadala na utekelezaji, na mfumo huo unafaa hadi leo: watu 4 au 5 wa kijiji kimoja wakusanyike kwa simu janja moja, wasikilize somo bustanini kwa mmoja wao, na mwenye simu awapigie wote picha. Katika mpangilio huu nimeona washiriki wakikagua kazi za wenzao kwa makini kuliko mwalimu yeyote angeweza kufanya akiwa mbali.

Hatua ya 7: Kagua kazi kwa ushahidi usiookoteka

Mpe kila mshiriki alama yake: kibao au kipande cha boksi kilichoandikwa jina na tarehe ya kusia, kichomekwe mwanzo wa tuta na kionekane katika kila picha. Omba picha zipigwe mahali pale pale kila mara, kwa kusimama kwenye jiwe au mti mmoja. Baada ya wiki tatu utakuwa na mfululizo wa picha za tuta moja likikua, na hakuna mtu anayeweza kuupata mfululizo huo mtandaoni.

Pamoja na picha, omba namba: miche mingapi imeota, mingapi imekufa, ndoo ngapi za maji kwa siku. Anayelima hujibu mara moja. Asiyelima huomba muda.

Hatua ya 8: Chunguza wadudu na magonjwa kwa maswali kabla ya jibu

Hapa ndipo mwalimu wa masafa anapopimwa. Kishawishi ni kutazama picha moja na kutaja dawa. Usifanye hivyo kamwe. Fuata mfano huu wa mazungumzo:

"Mwalimu, habari za kazi. Nyanya zangu zimenyauka, nipulize dawa gani?"

"Salama mama, pole sana. Tusikimbilie dawa kwanza. Mche ulinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, au majani ya chini yalianza kuwa ya njano?"

"Ghafla. Jana asubuhi ulikuwa mzima, jioni umelala, na leo wa pili umefuata."

"Udongo una unyevu?"

"Unao, nilimwagilia juzi na jana."

"Basi ng'oa mche mmoja. Kata kipande cha shina juu kidogo ya mizizi, urefu wa kidole. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha moja ikiwa ndani ya maji, usikitikise. Nirekodie video ya dakika moja."

Ikiwa ute mweupe unashuka taratibu kutoka kwenye shina kama uzi, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kupuliza itakayoutibu. Mshiriki atang'oa miche iliyoathirika pamoja na mizizi, ataifukia au kuichoma mbali na bustani, atasafisha jembe, na hatapanda jamii ya nyanya mahali hapo kwa misimu kadhaa, bali mahindi au nafaka nyingine. Kama maji yamebaki safi, na majani ya chini yalianza kuwa ya njano upande mmoja wa mche, na ndani ya shina kuna rangi ya kahawia, fikiria mnyauko fusari, unaosababishwa na kuvu.

Matatizo mengine yanayofika mara nyingi kwenye simu, na jinsi ya kuyatofautisha kwa picha:

- Michirizi kwenye majani. Mistari myembamba inayojikunja-kunja ni ya nzi mchimba majani wa kawaida, ambaye mara nyingi haui zao. Mabaka mapana yaliyo wazi kama ngozi tupu ni ya kantangaze. Mwombe mshiriki ainue jani kuelekea jua apige picha: mabaka ya kantangaze huonyesha kinyesi cheusi na mara nyingine kiwavi mwenyewe ndani.
- Miche ya kitaluni inayoanguka. Picha ya karibu itaonyesha shina limebanwa na kuwa la kahawia usawa wa udongo; hicho ni kinyausi, na chanzo chake ni maji mengi na msongamano. Shina likiwa limekatwa kabisa, achimbue udongo wa karibu kwa kidole. Atamkuta sota, kiwavi anayekata mashina ya miche, amejikunja.
- Doa jeusi lililodidimia kwenye kitako cha tunda. Wengi huliita ugonjwa na kutaka dawa. Ni upungufu wa kalsiamu kwenye tunda unaosababishwa zaidi na umwagiliaji wa kukatika-katika. Rekebisha maji na uongeze matandazo.
- Majani madogo, ya njano kingoni, yaliyojikunja kuelekea juu, mmea ukidumaa. Ni virusi vinavyosambazwa na inzi weupe. Mmea ung'olewe.
- Njano sawasawa kwenye majani ya zamani, mapya yakiwa ya kijani hafifu: njaa ya naitrojeni.

Usipokuwa na uhakika baada ya picha nne na maswali, mwelekeze mshiriki kwa afisa ugani wa kata yake akiwa na mmea wenyewe mkononi. Kubahatisha kutakugharimu imani ya kundi zima.

Hatua ya 9: Weka sheria ya viuatilifu

Sheria ni moja: hakuna kiuatilifu kinachopulizwa katika kozi kabla mshiriki hajatuma picha ya lebo, mbele na nyuma. Katika picha hiyo soma usajili wa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu nchini), zao na mdudu waliotajwa, kipimo kwa lita za maji, siku za kungoja kabla ya kuvuna, na ukanda wa rangi. Kiuatilifu chenye ukanda mwekundu kisiruhusiwe kabisa katika bustani ya kujifunzia. Mshiriki atume pia picha yake akiwa amevaa mavazi ya kinga. Asiye nayo asipulize.

Angalizo: dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila lebo, isitumike hata kama muuzaji ni ndugu.

Hatua ya 10: Tathmini na cheti

Tathmini iwe kwa mavuno, kumbukumbu za gharama, na mtihani mfupi wa picha ambapo mshiriki anataja tatizo na hatua za kuchukua. Unaweza kutoa hati ya ushiriki, lakini cheti kinachotambulika kitaaluma hutolewa na chuo kilichosajiliwa na NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi), nawe uliseme hilo waziwazi siku ya kuandikisha.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

Mshiriki amekaa kimya kwa siku 5. Mpigie simu ya kawaida. Mara nyingi miche imekufa na anaona aibu. Mruhusu asie upya na ahamie kikundi kinachofuata. Kwa kuwa kalenda inahesabu siku za mmea, hajakosa chochote.

Mtandao wa kijijini ni dhaifu. Tuma masomo usiku au alfajiri, na umshauri azime upakuaji wa video wa kiotomatiki ili bando lisiishie kwenye picha za makundi mengine.

Washiriki wanapeana ushauri unaopingana nawe. Usiwafute. Mwambie anayetoa ushauri aonyeshe picha ya tuta lake alipoutumia, kisha wote wajaribu kwenye mche mmoja kati ya 20. Dawa za kienyeji kama maji ya mwarobaini zinaweza kujaribiwa kwa utaratibu huo.

Miche ya kikundi kimoja imerefuka na kulegea. Kivuli ni kizito au miche imesongamana. Waondoe sehemu ya kichanja leo, wapunguze miche, na somo la kuikomaza liwahi kwa siku 3 au 4.

Maji yamekauka katikati ya msimu. Asigawe maji kidogo kwa miche yote. Achague miche 8 iliyo bora, aiwekee matandazo mazito, aimwagilie jioni kwa kila mche kwenye shina, na mingine aiache. Kozi yake inaendelea kwa miche hiyo 8.

Maswali yamezidi muda wako. Kusanya yaliyojirudia, rekodi jibu moja la sauti kwa kila swali, ulihifadhi kwa jina linaloeleweka kama "kinyausi" au "maua yanadondoka", na ulitume pale linapoulizwa tena. Kikundi cha pili kitakapoanza, akiba hiyo ya sauti itakuwa nusu ya kozi yako, na saa yako ya kila siku itabaki kwa picha ambazo hujawahi kuziona.